Tone kwa Kila Mgeni

Siku ya tisa tangu Venant Ishengoma arudi kutoka Nairobi bila miwani, chupa ya dawa ya macho iliisha. Aliinua uso kuelekea darini, akalivuta kope la chini kwa kidole, akaminya, akangoja. Hakikudondoka kitu. Akaminya tena, chupa ikatoa hewa kwa sauti ndogo isiyo na heshima.

"Mama Odeta!" aliita. "Chupa hii ni ya mwezi mzima."

"Ndiyo, Baba Odeta," Felicitas, mkewe, alijibu kutoka uani.

"Leo ni siku ya tisa."

"Ndiyo."

"Basi hesabu haikubali."

Felicitas aliinama kulipuliza jiko la mkaa ambalo lilikuwa limekwisha kuwaka vizuri. Kando yake, juu ya mkeka, Mama Kokulinda, mama mzazi wa Venant aliyekuja kwa meli kutoka Bukoba ili kumpokea mwanawe, aliuinamia ungo wa maharage kana kwamba kila punje ilikuwa na habari ya kumweleza.

Venant alisimama mbele ya ratiba aliyoibandika ukutani. Saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, saa nne usiku; kila tone lilikuwa na alama yake ya penseli. "Wamenipunja Nairobi," alihitimisha. "Mashine ya mamilioni, chupa ya kupunjana." Kisha akalipangusa jicho la kulia, ambalo tangu juzi lilikuwa jekundu na lilitoa machozi bila huzuni yoyote.

Jicho hilo lilikuwa na thamani ambayo si ya Venant peke yake. Yeye alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mnofu uliwekwa juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, naye akauona mwiba au mnyoo ambao wengine wasingeuona hata wakionyeshwa. Ila bila miwani hakuwa mtu, na katika baridi ya chumba kile miwani ilipata ukungu kila dakika, akawa anaivua na kuiweka popote. Mwaka ule miwani ilipotea mwezi wa saba. Mwezi wa nane ikaonekana Hispania, katikati ya katoni ya minofu, kioo kimoja kikiwa kizima.

Mnunuzi aliandika barua ya kurasa mbili. Meneja wa kiwanda alitoa amri mbili. Ya kwanza, miwani isiingie tena chumba cha minofu. Ya pili, Ishengoma apelekwe Nairobi akapigwe miale ya leza kwa gharama ya kampuni, apumzike wiki tatu, kisha apewe jaribio kwenye meza ya kioo. Akiona, abaki mkaguzi. Asipoona, akapakie barafu.

Saa kumi na moja jioni ya siku ile ile ya tisa, Venant alichukua chupa ili aitupe. Ilikuwa nzito. Akaitikisa, ikacheza. Akaminya: tone nene, la ukarimu, likaanguka katikati ya jicho.

"Nilisema mimi!" alishangilia. "Ilikuwa imeziba tu! Mama Odeta, niliwasingizia watu wa Nairobi."

Felicitas alimtazama mkwewe. Mkwewe aliyatazama maharage.

*

Ukweli ulijulikana kwa mtaa mzima wa Buhongwa, jijini Mwanza, isipokuwa kwa mwenye macho.

Siku ya kwanza Venant aliporudi, alilazwa chumbani na vifuniko viwili vya plastiki juu ya macho, kama alivyoagizwa. Majirani walikuja kumpa pole. Mama Kokulinda aliwapokea kama mgeni apokelewavyo katika nyumba yoyote ya Kihaya inayojiheshimu: alipitisha kikapu kidogo cha kahawa kavu ya kutafuna, kila mtu akachukua punje zake, mazungumzo yakaanza.

Wa kwanza alikuwa Luhaga, fundi baiskeli, Msukuma mjane wa miaka hamsini na minane mwenye mvi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kijana wangu. Karibu. Kijana mzuri kama wewe, nasikia unapika mwenyewe?"

Luhaga alitazama nyuma kuona kama kuna kijana aliyeingia pamoja naye. "Napika, mama," alisema kwa sauti iliyokuwa tayari imepungua umri.

"Haifai. Nikirudi Bukoba nitakutafutia binti."

Kuanzia hapo Luhaga hakukosa siku hata moja. Watu walidhani bibi yule ana adabu ya kupindukia. Luhaga alidhani ana macho ya kuona mbali.

Basi Luhaga, akitafuna kahawa, aliiona chupa juu ya meza. "Ndiyo yenyewe, dawa ya Nairobi?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mimi nikichomelea fremu, macho huwaka siku mbili."

Mama Kokulinda aliinuka. Katika nyumba yake, mgeni aliyesifu kitu hakuhitaji kukiomba. Alimwinamisha Luhaga kichwa nyuma, akalishika kope kwa kidole gumba, akaisogeza chupa mpaka ncha ikagota jichoni, ndipo akaminya.

"Hapotezi hata tone," Luhaga alimsifu. "Mkono wa muuguzi!"

Akafuata Teodora, muuza mitumba aliyeachika, ambaye hakuwahi kutoka nje bila wanja. Akafuata Mama Justa na binti zake wawili. Baada ya siku tatu desturi ilikuwa imekamilika: kahawa kwanza, kisha tone. Jumapili ikaja kwaya.

"Mama," Felicitas alinong'ona siku ile, akimvuta mkwewe pembeni, "hiyo ni dawa ya Baba Odeta."

"Na kahawa hii niliileta kwa nani?"

"Kwa Baba Odeta."

"Na wageni wanatafuna nini?"

Mkamwana hamnyang'anyi mkwewe chupa mbele ya kwaya. Isitoshe, asubuhi ile ile alikuwa amekata vitunguu, akajitilia tone moja, dogo sana; na mtu mwenye tone moja jichoni hana sauti ya kukemea.

Nyuma ya pazia, Venant aliyasikiliza mavumo na vicheko. "Watu wa mtaa huu," alimwambia mkewe kwa uchungu mtamu, "sikujua kwamba wananipenda kiasi hiki."

*

Siku ya kumi na moja jicho la kulia halikufunguka. Lilivimba, likatoa uchafu mzito, na mwanga wa dirishani ulimchoma kama sindano. Felicitas alipofaulu kulipanua kidogo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, aliona katikati ya weusi wa jicho doa jeupe, dogo kama chembe ya sembe. Alivaa viatu.

Katika kliniki ya macho mjini walipokewa na Daktari Mayala, mtu mpole aliyesema kwa sauti ya chini na asiyekatiza sentensi ya mtu. Alimweka Venant kidevu kwenye kile chombo chenye mwanga mwembamba, akamtazama kwa muda mrefu. Mama Kokulinda, aliyekataa kubaki nyumbani, alikaa kwenye benchi na kikapu cha kahawa mapajani.

"Miale haikukosea," daktari alisema hatimaye. "Aliyekupasua alifanya kazi safi. Lakini konea, yaani hiki kioo cha mbele cha jicho, ikishapigwa miale ni kidonda kibichi. Haitaki mgeni. Nawe, bwana, umepata mgeni. Vijidudu vimeingia. Unatumia dawa gani?"

Venant alitoa chupa kwa fahari ya mtu mwenye ratiba.

"Kuna mwingine anayeitumia?"

"Nyumbani kwangu? Haiwezekani, daktari. Kila tone lina alama ya penseli."

Mayala aliipeleka ncha ya chupa chini ya taa. Akaigeuza. Akavaa miwani yake mwenyewe, akaigeuza tena.

"Bwana Ishengoma, wewe unapaka wanja?"

"Mimi?"

"Hapa pana wanja. Na hapa pana ukope." Aliutoa kwa kikoleo, akauinua. "Tena wa mvi."

Venant, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, aliutazama kwa jicho lake moja kama mtu anayeonyeshwa nyoka aliyelala naye. Daktari alifungua chupa, akainusa, akadondosha kidogo kwenye kiganja. "Na humu hamna dawa. Haya ni maji."

"Niliyachemsha," ilisema sauti kutoka kwenye benchi.

"Mama?"

"Ulikuwa unalilia chupa tupu, Venanti. Mtungi ukikutwa mkavu, aibu ni ya nyumba. Nikajaza. Nilitia na chumvi."

Felicitas alikunja pindo la kanga yake mpaka likaisha. "Daktari," alisema, "tuliitia wengi."

"Wangapi?"

"Luhaga fundi baiskeli. Teodora. Mama Justa na binti zake. Balozi wetu wa nyumba kumi, mara mbili, kwa sababu ni balozi. Na kwaya."

"Kwaya nzima?"

"Sauti ya tatu na ya nne. Sauti ya kwanza na ya pili waliwahi kuondoka."

Kalamu ya Mayala ilisimama hewani. "Endelea."

"Na mimi. Tone moja. Nilikuwa nimekata vitunguu."

"Wewe pia, Felicitas?" Venant aliuliza. Hakuwa amemwita mkewe kwa jina lake tangu Odeta azaliwe, na neno lile lilimwumiza Felicitas kuliko matusi.

Daktari hakugomba. Alikwangua doa lile kwa ncha nyembamba, akapeleka uchafu maabara, akatoa chupa mbili mpya na kuziweka mezani moja moja. "Tone la hii na tone la hii, kila saa moja, usiku na mchana, siku tatu. Doa likisinyaa, jicho limepona. Lisiposinyaa nitakuandikia rufaa, lakini sitakudanganya, bwana: barua husafiri polepole kuliko ugonjwa huu. Na hao wote, kuanzia balozi mpaka sauti ya nne, niwaone hapa kesho asubuhi. Sijui nani alimpa nani nini."

*

Kesho yake benchi la kliniki halikutosha. Waliokuwa wameshiriki dawa ya urafiki kwa siku tisa sasa walikaa wakigeuziana mabega, kila mmoja akijitahidi kutopepesa macho.

"Mimi niliitia jicho moja tu," Luhaga alitangaza. "Nusu ya makosa."

"Jicho moja kila siku kwa siku tisa!" Teodora alimjibu. "Mimi nilikuwa wa pili. Chupa ilikuwa bado safi."

"Wa pili baada ya nani?"

"Baada yako! Ndiyo maana nasema mchafu anajulikana."

"Wanja ulikuwa wa nani, mama? Wa samaki?"

"Na ule ukope wa mvi?"

Luhaga alitupa jicho upande wa Mama Kokulinda. "Punguza sauti," alinong'ona. "Mambo ya mvi hayahusiani na ugonjwa."

Balozi alisema jambo hili lingejadiliwa kwa utaratibu. Besi mmoja wa kwaya alianza kuomba dua, akakatizwa na jina lake kuitwa.

Mayala aliwapima wote bila haraka. Watano walikuwa na macho mekundu, na binti mdogo wa Mama Justa alikuwa na vikope vilivyoanza zamani kabla ya Nairobi. Wakapewa dawa, kila mtu chupa yake, na kila chupa ikaandikwa jina kwa kalamu nene. Mwisho, kwa ajili ya kukamilisha orodha tu, alimwita Mama Kokulinda.

"Mama, hivi ni vidole vingapi?"

"Vya nani?" bibi aliuliza.

Daktari alisogea. Akasogea tena. Kisha akainua taa ndogo na kuangaza macho yale mawili, na wote waliokuwa mlangoni waliona: ndani ya kila mboni palikuwa na weupe mzito kama tui.

"Mtoto wa jicho," Mayala alisema taratibu. "Kote kuwili. Mama, tangu lini huoni?"

"Naona! Naona mchana na usiku. Watu nawajua kwa sauti." Akashusha sauti. "Mwaka wa tatu huu."

"Kumbe ndiyo sababu chupa ilikuwa inagota," Luhaga alisema, naye akajutia kusema.

"Ningejuaje kama tone limeingia?" bibi aliuliza. "Nilisogeza mpaka nimfikie mgeni."

"Lakini mama," daktari aliuliza, "dawa ulikuwa nayo mkononi siku tisa, na uliamini inaponya. Mbona wewe hukujitilia?"

Mama Kokulinda alilishangaa swali lile. "Mwenyeji hutangulia wageni?"

Venant alikuwa akilipwa ili aone mnyoo mwembamba kuliko uzi ndani ya nyama ya samaki. Alikuwa amesimama kando ya mama yake, mkono juu ya jicho bovu, akimtazama kwa lile zima. Na kwa mara ya kwanza tangu mwanga uanze kumchoma, hakugeuza uso.

*

Jioni ile ratiba ya zamani iliondolewa ukutani, ikabandikwa mpya yenye mistari ishirini na minne. Aliyeishika chupa alikuwa Felicitas peke yake, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni hadi viwikoni, na ncha isiyogusa hata unywele. Lakini mtu mmoja hawezi kukesha siku tatu, na saa ya ukutani ilikuwa na tabia ya kusimama. Ndipo majirani, ambao dawa ya kwanza walikuwa wameimaliza kwa pamoja, walipoandikwa zamu za kulinda ya pili.

Kazi yao ilikuwa kuhesabu saa, kumwamsha Felicitas, kumshikia taa na kukaa mbali. Luhaga alileta kengele ya baiskeli. Teodora alifika uso ukiwa hauna wanja. Mama Justa, asimtambue, akamwamkia kama mgeni. Balozi alishika zamu mbili, kwa sababu ni balozi. Kahawa ilipita. Kila mmoja aliichukua na kuitafuna huku akiitazama ile chupa juu ya kabati kama mbuzi anavyotazama bustani yenye uzio.

Katika zamu mojawapo Venant alisema, kichwa kikiwa nyuma, akingoja tone: "Mama Odeta."

Mkono wa Felicitas ulitulia. "Abee."

"Vile vitunguu. Vilikuwa vikali sana?"

"Sana, Baba Odeta."

"Haya. Tia."

Siku ya tatu Mayala alitazama kwa muda mrefu kuliko siku ya kwanza. "Limesinyaa," daktari alisema. "Jicho ni lako, bwana. Ila kovu litabaki, dogo, upande. Jicho la kushoto liko kama la mwewe. Hili la kulia, likitulia, litahitaji msaada kidogo."

"Msaada gani?"

"Miwani."

Venant aliketi kwenye benchi, akacheka mpaka machozi yakatoka katika macho yote mawili, kwa usawa.

*

Meneja aliisoma barua ya Mayala, akaongeza wiki tano. Zilipokwisha, Venant alisimama mbele ya meza ya kioo akiwa na miwani usoni, na wafanyakazi waliobeba makreti walisimama kuangalia mtu anavyofukuzwa.

"Ishengoma," meneja alisema, "amri inasemaje?"

"Miwani isianguke ndani ya minofu, bwana meneja."

"Amri inasema isiingie."

"Ivute, bwana meneja."

Meneja aliivuta. Nyuma ya kichwa cha Venant, kutoka sikio hadi sikio, palipita ukanda mweusi wa mpira wa baiskeli uliokatwa na kushonwa kwa mkono wa Luhaga. Ulivutika, ukavutika, meneja akauachia, ukarudi kisogoni kwa kishindo. Miwani ilikuwa palepale. Na kwa vile Luhaga alikuwa amepaka vioo sabuni kavu na kuvifuta, kama afanyavyo kwa kioo chake cha kunyolea asubuhi za baridi, havikushika ukungu.

Taa ikawashwa. Katika minofu mitatu meneja alikuwa amehesabu miiba sita. Venant alitoa saba, na mnyoo mmoja.

"Ukanda huu ni bei gani?" meneja aliuliza.

"Ni wa tairi lililopasuka, bwana meneja. Ni bure."

Meneja aliutazama ukanda, akatazama ukutani, kama mtu anayekumbuka nauli ya ndege. "Rudi kazini," alisema.

*

Mama Kokulinda alipasuliwa na Mayala jicho moja kwanza, hapa hapa Mwanza, na siku bandeji ilipotolewa alikalishwa uani kwenye kiti chenye mto. Majirani walikuja. Luhaga alikuja wa kwanza, amevaa shati jipya alilonunua kwa Teodora kwa bei ambayo Teodora aliipunguza bila kuombwa.

"Shikamoo, mama."

"Mara..." Mama Kokulinda alimtazama kuanzia viatu, akapanda, akafika kwenye nyusi, akakaa hapo. "Mawe!" alimaka kwa Kihaya. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama. Luhaga."

"Luhaga yupi? Kijana wangu?"

"Ndiye huyo."

Bibi aliliziba jicho jipya kwa kiganja, akasikiliza, akaliachia tena. "Sauti ndiyo," alikiri. "Nami yule binti nimekwisha kumtumia salamu. Ana miaka ishirini na miwili."

Teodora alipaliwa na kahawa. Ilibidi Luhaga mwenyewe ampige mgongoni, na alichukua muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, au mrefu sana; walioona hawakukubaliana.

"Dawa ya daktari huyu," Luhaga alisema kwa huzuni, akiitazama chupa ndogo iliyokuwa kando ya kiti, "imezidi nguvu."

Mama Kokulinda aliifuata njia ya macho yake. Aliiona chupa, aliwaona wageni wote sita, kila mmoja kwa sura yake, na aliona macho yao yalikoelekea. Akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga, fundo la kwanza, fundo la pili. Kisha akainua kikapu.

"Karibu kahawa, baba yangu," alimwambia Luhaga. "Chukua nyingi. Leo ni kahawa tu."